Mtungi Niliojaza Sabuni

Nilijaza sabuni ya vyombo kwenye mitungi ya kuzimia moto, nikabandika stika za ukaguzi, nikapokea pesa kamili. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani kwamba huko mbele nitamtafuta mtu wa kumlaumu.

Kazi yangu ni kukagua na kujaza ile mitungi myekundu inayotundikwa kwenye vituo vya mafuta, maduka na zahanati. Nilikuwa natoka Malindi na pikapu, napita Gongoni na Marereni mpaka Garsen, na kazi ikipatikana nasogea Minjila na Gamba. Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na moto wa petroli haungoji gari. Nilikuwa nikiwakumbusha wateja Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, lori la mafuta lilipoanguka, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 wakafa. Malori ya mafuta ya Lamu yanapita hapa hapa Minjila, nawaambia. Wakisikia hivyo wanatoa pesa.

Mtungi wa povu wa lita 9 una vitu vitatu: maji, dawa ya povu, na gesi ya kuusukuma mchanganyiko utoke. Dawa ikaniishia. Iliyokuwa Mombasa ilikuwa imepanda bei, na wateja walikuwa wameshanilipa malipo ya mwanzo. Dukani nikaona dumu la sabuni ya maji, ile ya harufu ya ndimu. Nikajiambia, povu ni povu.

Sikujiona mwizi. Nilikuwa na nadharia, na mtu mwenye nadharia ni hatari kuliko mwizi. Zamani nilisoma kitabu kilichosema kwamba mapovu ya kuzimia moto yamejaa kabonidioksidi. Nikashika hapo: gesi ndiyo inayoua moto, sabuni kazi yake kuibeba tu. Mitungi yangu niliishindilia naitrojeni, ambayo nayo haiwaki, nikaona mambo ni yale yale.

Kitabu hakikudanganya, kilikuwa kimezeeka. Mwanzoni mwa karne iliyopita Aleksandr Loran, mwalimu aliyeishi Baku penye visima vya mafuta, alibuni povu la kemikali. Alichanganya maji yenye baikaboneti ya sodiamu na maji yenye salfeti ya alumini, jamaa wa shabu tunayotia kwenye maji ya mto Tana ili tope litulie. Vikikutana vinatoa kabonidioksidi, na gesi hiyo ndiyo inayovimbisha povu. Mitungi ya namna hiyo ilitumika kwa miongo mingi. Mimi nilikuwa najaza mtungi wa leo kwa akili ya mtungi wa 1904.

Siku ya moto nilikuwepo. Ilikuwa gereji ya pikipiki pale Garsen, fundi akiosha vyuma vya kabureta kwenye beseni la petroli, na hatua chache nyuma yake mtu anachomelea. Cheche ikaruka. Msaidizi wa fundi akauchomoa mtungi wangu ukutani, akavuta pini, akapiga. Povu jeupe likafunika beseni, moto ukalala, watu wakashangilia. Mimi nikiwa na kikombe cha chai kibandani nikaona sifa ni zangu.

Kisha povu likaanza kupasuka kutoka ukingoni. Ndimi ndogo za buluu zikatembea juu ya povu lenyewe, yaani povu ndilo lililokuwa linaungua. Fundi alikuwa ameshainama kulivuta beseni nje. Moto ukarudi wote kwa mpigo mmoja, ukamshika mkono kutoka vidoleni hadi kiwiko, na mguu chini ya goti. Ulizimwa kwa mchanga na magunia yaliyolowa.

Watu waliponigeukia nilimwambia yule msaidizi, mbele ya wote, kwamba alipiga karibu mno na kuivuruga petroli. Kweli alipiga karibu. Uongo wangu ulikuwa na mfupa wa ukweli ndani yake, ndiyo maana ulisimama. Nilipokwenda kumtazama fundi hospitalini, mkono umefungwa bandeji, akaniambia, “Kaka, pole kwa mtungi wako. Vijana hawakujua kuutumia.” Nikapokea hiyo pole.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Malindi aliyestaafu zimamoto ya uwanja wa ndege. Nilimwamkia, nikamweleza habari kana kwamba zimempata mtu mwingine, nikataja gesi. Akanikatiza. “Gesi gani, mwanangu? Hiyo ni hewa. Hii hii unayopumua.” Akashika nozeli ya mtungi wangu akanionyesha matundu ya ubavuni. Matundu hayo nimeyazibua miaka yote, nikitoa udongo wa manyigu, bila kujiuliza yapo kwa kazi gani. Mchanganyiko ukipita kwa kasi unavuta hewa ya nje kupitia hapo, na povu linazaliwa mdomoni mwa mtungi. Naitrojeni kazi yake ni kusukuma tu. Povu likivimba mara nane, katika kila lita nane, lita saba ni hewa ya kawaida, oksijeni ikiwemo.

Hewa inazimaje moto? Haizimi. Kinachozima ni ngozi ya maji inayoizunguka. Petroli yenyewe haiwaki, unaowaka ni mvuke wake, na kwa joto la Garsen mvuke hauna likizo. Ukimwaga maji matupu yanazama, kwa kuwa petroli ni nyepesi, na moto unaelea juu yake. Povu zuri linakaa juu, linafungia mvuke chini, na maji yanayochuruzika kutoka ndani yake yanapoza. Basi swali lote ni kama ngozi hiyo itadumu. Mzee alitia petroli kwenye karai mbili, moja tukaifunika kwa povu la dawa, nyingine kwa sabuni yangu. Sabuni ilipatana na petroli, ikainywa, mapovu yakabeba mafuta ndani ya ngozi zao. Sikuhitaji kuambiwa niliyoyaona kwenye beseni la fundi.

Dawa halisi hutengenezwa isiyeyukiane na mafuta. Ile ya protini hupikwa kwa kwato na pembe za ng'ombe, zinachemshwa na chokaa au soda kali mpaka zilainike, zinachujwa, kisha hutiwa chumvi za chuma ili povu likaze. Nyuma ya machinjio yoyote ya Tana River malighafi hiyo inatupwa. Miaka ya 1960 jeshi la majini la Marekani pamoja na kampuni ya 3M wakaleta dawa yenye kemikali za florini, inayotandaza utando mwembamba wa maji juu ya petroli. Ya asilimia 3 unatia lita 3 kwenye maji lita 97. Siku hizi zipo zisizo na florini, nazo kweli zina ndugu wa sabuni ndani yake, lakini pamoja na vikazo vya kuzuia povu lisipasuke, na hupimwa kwa moto halisi kabla ya kuuzwa. Yangu ilipimwa kwa sahani.

Lipo na la pili. Dumu kuukuu la dawa ya florini, iliyokwisha kuharibika, nililimwaga nyuma ya chumba nilichokuwa nimepanga Garsen, mahali Tana ikifurika inafika. Ni sabuni tu, nilisema. Mojawapo ya kemikali hizo, PFOS, iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009, kwa sababu haiozi na hukaa katika damu za watu na wanyama. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipita juu ya pale pale. Hilo sina namna ya kulirudisha.

Kwa fundi nilirudi nikasema yote, na yule msaidizi nikamtaka radhi mbele ya gereji nzima. Gharama za hospitali nililipa. Fundi akaniuliza dawa ingeuzidi ule mtungi wa sabuni kwa shilingi ngapi. Nilipomtajia akasema, “Plagi mbili za pikipiki,” akarudi kwenye kazi yake.

Mitungi ya kipindi kile sijaipata yote. Maduka mengine yameibadilisha yenyewe. Ukiwa na mtungi wa povu wa lita 9 uliojazwa na mtu wa pikapu kutoka Malindi, nusa nozeli. Ukisikia ndimu, ni wangu. Kwa karatasi au godoro utakusaidia kama maji yanavyosaidia, ila kwenye petroli usiuguse. Niletee, au niite nije, nitaujaza dawa bila malipo.