Vifo vya Vyura Wangu

Mwaka jana nalifuga vyura watano wa mitini katika sanduku la kioo darasani. Walikuwa wadogo, rangi ya majani mabichi, nao watoto waliwaletea nzi kila asubuhi.

Siku moja naliona kioo kimechafuka, nikakiosha kwa sabuni, nikakisuuza mara moja tu, nikawarudisha. Kulipopambazuka, watatu walikuwa wamekufa. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani amewaua?" Nalinyamaza kitambo, kisha nikajibu, "Nadhani ni mimi."

Maana chura hanywi kwa kinywa. Hunywa kwa ngozi, na kwa ngozi iyo hiyo huvuta hewa. Sabuni, dawa ya wadudu, hata klorini ya maji ya bomba, hupenya mwilini mwake. Tena yako maradhi ya kuvu ya ngozi, yaliyotambuliwa mwaka 1998, nayo huua ghafula.

Basi wale wawili naliwatenga, kila mmoja na chombo chake, kwa maji safi ya mvua. Wakapona. Tangu hapo, kabla ya kumtunza kiumbe, huuliza kwanza aishivyo yeye, si nipendavyo mimi.