Kinanda, ufunguo, na Mama Emahoy



Sisi makapita wa mwaka huu mnatujua kwa kitu kimoja: kaye ya nidhamu. Leo kalamu ile tunaitumia kwa kazi ingine. Tunataka kuwasimulia habari ya mama mmoja mpiga piano, kiisha mtaona juu ya nini habari yake imetuchoma sisi wenyewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Yewubdar Gebru. Alizaliwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka wa 1923, katika jamaa ya watu wakubwa. Alipokuwa na miaka 6 tu walimtuma Uswisi kusoma, na kule alianza kujifunza violoni. Baadaye vita ikaingia. Waitalia waliposhika nchi yao, mwaka wa 1937 yeye na jamaa yake walichukuliwa wafungwa, wakapelekwa kisiwani Asinara, kule Italia. Sisi tuliokimbia masasi ya Kalembe mwezi wa 10 mwaka wa 2024, godoro kichwani na kaye ndani ya sufuria, hatuhitaji kuelezwa mambo ya namna ile.

Vita ilipokwisha alienda Kairo kwa mwalimu Mpolandi, Alexander Kontorowicz. Kila siku masaa 4 ya violoni na masaa 5 ya piano. Jumlisheni wenyewe! Sisi masaa 2 ya masomo ya jioni yanatushinda, tunasinzia mbele ya saa mbili.

Labda wengine watauliza: piano ni kinanda kama kile cha kapela yetu? Hapana kabisa. Kinanda chetu kinakula batri. Piano haili kitu. Ukibonyeza kibao kimoja, nyundo ndogo ndani inapiga nyuzi za chuma. Ukibonyeza polepole inasema polepole, ukipiga kwa nguvu inalia kwa nguvu. Chetu kina vibao 61, piano kamili ina 88.

Tufike kwenye neno lenyewe. Yule binti alipata nafasi ya kusoma London, katika Royal Academy of Music. Mzigo ulikuwa karibu kufungwa. Lakini wakubwa wa nchi yake walimkatalia ruhusa ya kutoka. Alikataa kula siku 12, mpaka wakamwita padri, wakidhani anakufa. Hakufa. Alipopona aliacha mambo ya tamasha, akaenda kwenye monasteri ya Gishen Maryam, mlimani, akawa mtawa. Wakamwita Emahoy Tsegué-Maryam. Alikaa kule miaka karibu 10, akitembea bila viatu. (Yeye alikuwa wa Orthodox, si wa kanisa letu, lakini miguu ni miguu.)

Baadaye alirudi kwa piano. Mwaka wa 1967 sahani yake ya kwanza ilitengenezwa Ujerumani, na pesa yake alitaka isaidie maskini na yatima. Mwaka wa 1984 alihamia Yerusalemu, kwa monasteri ya Waethiopia. Nchi nyingi zilimfahamu tu mwaka wa 2006, sahani ingine ilipotoka. Alikuwa mzee wa miaka 82. Alikufa tarehe 26 Machi 2023, akiwa na miaka 99. Mwalimu mmoja alitusikilizisha piano yake kwa telefoni. Si muziki wa kucheza, si wa kwaya. Ni kama mtu anayeongea peke yake njiani, anasimama, anakumbuka kitu, anaendelea.

Tulipoisikia, makapita tuliangaliana. Sababu muhula uliopita tulimkamata kijana mmoja wa mwaka wa 3 ndani ya kapela, saa nne ya usiku, anapiga kinanda kwa sauti ndogo kabisa, kitambaa juu yake. Batri ilikuwa ya taa za masomo. Tuliandika jina lake. Akapata azabu ya kukata majani siku 5, na ufunguo wa kapela ukawekwa kwetu. Hatukumuuliza hata neno moja: nani alikufundisha? Unapiga nini? Sheria ilikuwa upande wetu, na batri ile asubuhi kweli ilikuwa imekufa. Hatusemi tulikosa kuandika. Tunasema tulikosa kuuliza.

Kiisha wiki iliyopita alituletea karatasi. Anaomba saa moja ya kinanda kila Jumamosi, mchana, jua likiwa kali, ili batri isiumizwe. Amepiga hesabu mwenyewe. Mmoja wetu alisema: tukimpa huyu, kesho wataomba 20. Tulibishana mpaka kengele ya kulala. Sisi tunamaliza mwaka huu, tuko na Eksetat mbele yetu, na ilikuwa rahisi kuiacha ile karatasi ndani ya kaye, makapita wapya waikute.

Tuliipeleka kwa Bwana Prefe siku ya Jumatatu, pamoja na majina yetu chini. Amekubali mpaka mwisho wa muhula, na sharti kapita mmoja akae pale kuangalia batri. Jumamosi hii, saa saba, ni zamu ya mwandishi wa habari hii. Mlango utakuwa wazi kwa anayetaka kusikiliza, lakini aache viatu vya matope inje.

Kapita wa mwaka wa 6