Ratiba ya Safari kama Mbinu ya Utafiti: Masasi na Newala

Msafiri aendaye Italia huweza kupanga miji yake kwa treni, Roma hadi Firenze, kisha akakodi gari la kumfikisha vijijini. Kusini mwa Tanzania mpango huo hauwezekani. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa miaka ya 1940, pamoja na tawi lake la Masasi, ilifungwa mwaka 1962. Mtafiti hutegemea gari tangu mwanzo.

Wanafunzi wa uzamili huniletea ratiba: Masasi siku nne, Newala siku mbili. Nami huwauliza: mtalala wapi? Masasi, ambako mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwanasarufi wa Kiswahili, aliwapeleka watu waliokombolewa utumwani, ni makutano ya Wayao, Wamakua na Wamakonde. Sokoni Kiswahili ndicho kiungo chao. Alalaye mjini, basi, hurudi na Kiswahili chenye lafudhi, akidhani amekusanya Kimakonde.

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu, ikilitazama bonde la Ruvuma. Msamiati wa kuteka maji, wa mitungi na wa njia za kushuka bondeni, umo vinywani mwa akina bibi walioyafuata maji huko kabla ya mabomba. Bibi hao hawapatikani stendi.

Kwa maoni yangu, ratiba ni sehemu ya mbinu za utafiti. Siku za mjini zipunguzwe, za vijijini ziongezwe. Barabara itatungoja mwakani. Wasemaji hao huenda wasitungoje.