Kompyuta Izimapo Katikati ya Mchezo

Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, tulipokuwa tukicheza gemu kwenye kompyuta za Windows 98 hapa Mombasa, mashine iliyoganda katikati ya mchezo na kutandaza skrini ya buluu ilihesabiwa kuwa ina maradhi ya mwili. Fundi alifungua kasha, akapuliza vumbi, akachomoa vipande vya RAM, akavisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akavirudisha mahali pake, na aghalabu mashine ikaamka. Ama BIOS, ile programu dhibiti iliyoandikwa ndani ya chipu ya mazabodi, ambayo huamka kabla ya Windows na kuvikagua viungo vyote vya mashine, haikuguswa na mtu ila kwa dharura.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichoitwa CIH kilifuta data za kompyuta nyingi duniani, na katika baadhi yake kikaifuta BIOS yenyewe, watu wakatambua kwamba mashine yaweza kufa pasina kitu chochote kuungua. Fauka ya hayo, sisi tulikuwa na adui wa karibu zaidi, naye ni umeme usiotabirika. Kusasisha BIOS kulikuwa ni kuwasha mashine kwa disketi, kuandika amri katika DOS, kisha kutazama alama zikijipanga moja moja kwenye skrini nyeusi, ilhali kila aliyemo chumbani anajua kwamba lau umeme ungekatika kabla alama ya mwisho haijatokea, chipu ingebaki nusu ya kale na nusu mpya, na mazabodi isingewaka tena mpaka apatikane mtu mwenye kifaa cha kuiandika upya. Namkumbuka fundi mmoja mzee ambaye hakukubali kuianza kazi hiyo ila usiku mkuu, UPS imejaa chaji, na hakuna kilichochomekwa humo isipokuwa mashine na skrini yake. Kauli yake ilikuwa moja: “Mwanangu, kizima hakitibiwi.”

Mageuzi yalianzia kwenye draiva. Zamani draiva ya kadi ya michoro ikikosea, iliiangusha mashine nzima. Lakini Windows Vista, iliyouzwa kwa umma tangu Januari 2007, ilileta utaratibu wa kuingoja kadi kwa sekunde 2, na isipojibu, huiamsha upya pamoja na draiva yake, skrini ikawa nyeusi kwa kitambo kidogo, kisha ikarudi. Gemu huenda ikafa, mashine ikabaki. Kwa maoni yangu hatua hiyo haijapata kupewa heshima inayostahili.

Miaka ilipopita, mpwa wangu alijiundia kompyuta ya gemu yenye RAM ya kasi kubwa, nayo ikawa inajizima na kujiwasha kila mchezo uliponoga. Tulifungua Event Viewer tukakuta Kernel-Power 41, taarifa ambayo kwa hakika haisemi zaidi ya kwamba mashine ilizimika bila ya kufungwa ipasavyo. Naye akataka kuiuza kadi ya michoro. Tuliiondoa kwanza ile kasi ya XMP, yaani mpangilio wa BIOS unaoiharakisha RAM, mashine ikatulia, na hapo dhana ikaelekea kwenye RAM na BIOS badala ya kadi. Mtengenezaji wa mazabodi alikwisha kutoa BIOS mpya yenye kuipokea RAM hiyo vizuri zaidi. Tuliitia kwenye flashi, tukaichomeka katika tundu lake maalumu nyuma ya kasha, tukabonyeza kitufe, na bodi ikajiandika yenyewe. Umeme ungekatika, tungerudia tu.

“Mjomba, hii ndiyo mliyokuwa mkiiogopa?” aliniuliza, na nikamjibu kwamba ndiyo hasa.

Walakini mwaka 2024 ndio ulioipindua kabisa kauli ya yule mzee. Wachezaji wa nchi nyingi wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliona gemu zao zikianguka kwa ujumbe wa kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha, wakahangaika na draiva, kumbe mgonjwa ni prosesa. Intel ilieleza kwamba maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volti kupita kiasi, na prosesa ikachakaa kabla ya wakati wake. Agosti ilitoa maikrokodi 0x129, yenye kuzuia maombi yanayozidi volti 1.55, na Septemba ikafuata 0x12B, zote zikipitia katika BIOS. Na dhamana ikaongezwa kwa miaka 2. Dawa hiyo hukinga tu, haiponyi: prosesa iliyokwisha kudhurika hubadilishwa.

Kwa hiyo namsihi kila mwenye mashine ya namna hiyo, hata kama haijapata kuzima, atazame leo tarehe ya BIOS yake, aisasishe, na risiti ya prosesa aihifadhi mahali asipoisahau.