Beji ya Fedha

Katika beji zangu za vita, niienziyo zaidi ni ndogo, ya duara, ya fedha, pini yake imelegea. Serikali ya Uingereza ilianza kuitoa mwaka 1916 kwa askari walioachishwa jeshi kwa majeraha au maradhi. Mwanamume aliyeonekana mjini na nguo za kiraia aliweza kukabidhiwa unyoya mweupe, alama ya woga. Na jeraha lililo chini ya shati nani angeliona?

Mbele imeandikwa kwamba mwenyewe amemtumikia Mfalme na Dola. Nyuma pana nambari tu. Daftari za nambari hizo zimehifadhiwa London. Jina lake ningelipata. Mara mbili nimeshika kalamu niandike barua, nikaiweka. Beji hii alipewa ili asiulizwe.