Pindo la Flaneli

Mtoto wa kaka yangu aliukuta mfarishi wa mama chini ya kabati, ukingo umechanika pande mbili. "Shangazi, si tuutupe huu? Umeshaoza." Msichana amesoma, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mfarishi huanzia ukingoni kuchakaa, na kwamba ukingo hubadilishwa. Pindo lile lililochanika lilikuwa la tatu.

Lushoto, Juni na Julai, baridi huingia mifupani. Mama alikuwa mshonaji na hakutupa kitambaa. Vipande vya magauni na sare za shule aliviunga kuwa uso wa mfarishi, chini akaweka marekani, katikati usufi uliopandishwa na basi kutoka Mombo, halafu akapitisha mishono mirefu ili usufi usihame na kurundikana miguuni. Pindo lilikuwa la flaneli, maana ndilo lililolala kidevuni mwa mtoto usiku kucha. Marekani mpya hukwaruza. Flaneli uso wake umechanuliwa ukatoa vinyweleo, na vinyweleo hivyo hushika joto.

Tuliinunua kwa Mhindi mmoja karibu na soko. Duka lile nalinusa mpaka leo: wanga wa vitambaa vipya, nafithalini, ubani wa asubuhi, na mafuta ya cherehani ya fundi aliyekaa barazani. Majora ya kaniki na bafta yalisimama chini, yashikwe na yeyote. Flaneli ilikaa rafu ya juu kabisa, kwa sababu mikono ya jasho huvilaza vinyweleo. Mwenye duka aliishusha mwenyewe, akaifunua taratibu, akaipima kwa yadi ya chuma iliyopigiliwa mezani. Mita zilikuja, yadi yake haikung'olewa. Kabla ya mkasi alisogeza kidole mbele kidogo, akasema, "Mama, hii itarudi." Alikuwa anampa ziada kwa ajili ya maji ya kwanza.

Kweli ilirudi. Kwa hiyo mama aliifua na kuianika kabla ya kuikata. Wasiofanya hivyo, pindo lilijivuta baada ya kufuliwa na mfarishi mzima ukajaa makunyanzi. Aliikata kwa kufuata uzi, si kwa mshazari, kwani flaneli ya mshazari huvutika ovyo chini ya sindano. Pembeni alipunguza unene kwa ndani, ili kona isiwe nundu.

Nimepekua daftari lake la mahesabu: flaneli ya mwisho imeandikwa Novemba 1978. Labda alinunua nyingine asiiandike, haidhuru. Baada ya hapo rafu zilikuwa tupu, na pindo la pili lilikuwa la kaniki, ikatoa rangi ikachafua kila kipande cheupe. Mama alisikitika kuliko nilivyowahi kumwona akisikitikia kitu cha nyumbani.

Mitumba iliporuhusiwa, flaneli ilirudi ikiwa mashati na nguo za kulalia. Mama aliipenda kuliko hata ya jora: imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, haina tena pa kurudi. Hilo ndilo pindo la tatu.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Duka likawa la simu. Yakaja mablanketi mepesi yenye ukingo wa utepe unaong'aa, unaofumuka baada ya kufuliwa mara chache, na ukimpelekea fundi anakwambia ununue jingine. Inaniudhi sana, fundi mwenye cherehani mbele yake kukataa mshono wa saa moja.

Madukani siku hizi ukiomba flaneli unapewa kitambaa chenye picha za wanasesere, laini mno. Mimi huomba uzi mmoja nikauchoma: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu, plastiki huyeyuka ikaganda tone gumu. Pamba tupu bado naipata mnadani, kwenye mashati ya kiume ya mirabaraba. Tafuta kubwa, mgongo wake hauna mshono, na hutoa vipande virefu.