Usikunje Turubai Bichi

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuliona gari dogo lisilo na paa la bati? Sisemi lori la mchanga wala mkokoteni. Nasema gari la watu wanne ambalo paa lake ni turubai, na siku ya jua mwenyewe hulikunja akalilaza nyuma ya kiti cha abiria, upepo ukampiga usoni. Ikiwa hujaliona, karibu kwetu Nyansiongo, katika kaunti ya Nyamira, nikuonyeshe moja. Ni Morris Minor, na ndilo lililotufundisha mimi na kaka yangu jambo ambalo shule haikutufundisha.

Huku kwetu Gusii baba huitwa tata, na mama ndiye huitwa baba. Ili nisikuchanganye, nitasema tata na mama. Tata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1965, wakati mashamba ya walowezi huku Borabu yalipokuwa yakigawiwa Waafrika, mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago alimuuzia gari hilo. Magari ya aina hiyo yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, yakiwa yamebuniwa na Alec Issigonis, yule yule aliyekuja baadaye kubuni Mini. Yalipendwa mno, na kufikia mwanzoni mwa 1961 yalikuwa yametoka kiwandani zaidi ya milioni moja. Yale ya turubai yaliacha kuundwa mwaka 1969. Letu bado linanguruma.

Jumapili za Januari, mvua ikiwa imetupa nafasi, tata alikuwa akilikunja paa na kumpeleka mama hadi Keroka, mji ule ambao nusu yake iko Kisii na nusu iko Nyamira. Sisi watoto tulibanana nyuma. Mama alifunga kitambaa kichwani kwa fundo mbili ili kisipeperuke, akawa anawapungia watu mkono kama mke wa waziri.

Lakini kabla ya kulikunja paa, tata alikuwa na ada moja. Alipitisha kiganja chake polepole juu ya mshono wote, kutoka kulia hadi kushoto. Akihisi unyevu, hata wa umande tu, safari ilingoja. Sisi tulinong'onezana kwamba mzee ni bahili wa petroli. Kumbe hatukujua lolote.

Tata alituacha mwaka 2014 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Hata matanga hayajapoa, kaka yangu mkubwa akaleta hoja kwamba gari liuzwe. Alikuwa amempata mnunuzi Nairobi, mmoja wa wale mabwana wanaopenda magari ya kale na kuyapeleka kwenye mashindano ya urembo wa magari kule Ngong. Nami nikasema gari la tata haliuzwi kama kuku wa sokoni. Maneno yakatoka ambayo sitayaandika hapa, maana gazeti hili husomwa na watoto. Mama akatusihi tunyamaze, nasi tukanyamaza. Kwa miaka miwili tulisalimiana kwenye harusi na mazishi, tukaulizana habari za watoto, na jambo lenyewe hatukuligusa. Watu wakatusifu kwamba tumeelewana.

Mwaka 2016 nikaamua kulifufua lile gari kwa fedha zangu mwenyewe, nimwonyeshe kaka kwamba ni mali. Injini haikuwa na neno, ila paa lilikuwa limechanika, na kile kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani. Kifuniko ninachosema ni ile nguo inayovalishwa juu ya paa likishakunjwa, lisipigwe na vumbi wala kupeperuka njiani, na gari lionekane nadhifu. Hushikwa kwa vishikizo vya kubonyeza vilivyopigiliwa kwenye mwili wa gari.

Nilimpata fundi mjini Kisii, mzee anayeshona viti vya magari na maturubai. Nilidhani atachukua futi, apime, akate. La hasha! Kwanza alishona paa jipya, akalifunga, akalikunja. Ndipo akatandika kitambaa cha marekani juu ya lile furushi, akakichora kwa chaki huku akizunguka gari kama mshonaji wa suti ya bwana harusi. Aliniambia kwamba magari mawili ya aina moja hayafanani mgongoni, hasa yakiwa yamezeeka, kwa hiyo kifuniko hupimwa juu ya gari lenyewe na paa likiwa limelala. Halafu akakata turubai lenyewe la pamba, akiacha inchi moja na zaidi ya kukunja pindo.

Kuhusu vishikizo alikuwa mkali zaidi. Hakutoboa tundu zote kwa pamoja. Alianza na kimoja cha katikati, nyuma kabisa. Kisha akavuta pembe ya kulia na pembe ya kushoto, akatia alama, akatoboa. Vilivyobaki katikati alivijaza mwishoni. Ukianzia pembeni, alisema, utafika upande wa pili ukute nguo imekwisha.

Nililichukua gari siku ya Ijumaa mchana. Ungeniona, msomaji, ungedhani nimeshinda uchaguzi. Lakini Kisii ni Kisii. Milima hii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi hupenda kunyesha alasiri. Nilipofika Keumbu mbingu zikafunguka. Nikasimama, nikainua paa, nikaendelea. Nilifika nyumbani turubai likichuruzika maji.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kaka alikuwa afike kesho yake kumwona mama, nami ilinibidi kurudi Nairobi usiku ule ule. Nilitaka alikute gari limefungwa vizuri kama zawadi. Kwa hiyo nikalikunja lile paa bichi, nikalivalisha kifuniko, nacho kibichi, nikabonyeza vishikizo vyote, ta! ta! ta! Nikafunga mlango wa banda, nikaenda zangu.

Baada ya wiki saba mama akanipigia simu. Akasema bandani mna harufu ya kitu kilichokufa.

Nilikuja mbio. Nilimkuta kaka amesimama bandani, amefungua mlango, ameshika kiuno. Tulipokifunua kile kifuniko, paa jipya lilikuwa na madoadoa meusi ya ukungu kila mahali. Mbavu za chuma zilikuwa zimeingia kutu, na kutu ile ikachora mistari mekundu kwenye turubai. Nyuzi ziliachia ukizivuta kwa kidole. Kifuniko chenyewe, kilipowekwa juani kikauke, kilinywea kikawa kifupi kwa vidole viwili, maana turubai la pamba likilowa kwa mara ya kwanza na kukauka hurudi nyuma. Nilingoja kaka acheke. Hakucheka.

Tulilipeleka kwa fundi pamoja. Mzee akagusa, akanusa, akatikisa kichwa. "Mvua haikuoza kitu hapa," alisema. "Turubai hulowa na kukauka maisha yake yote. Hili limeozeshwa na kufunikwa."

Kazi ikaanza upya. Safari hii fundi alililoweka turubai la pamba kwanza, akalianika, ndipo akalikata. Mbavu zikasuguliwa na kupakwa rangi. Ilipofika siku ya kuvalisha kifuniko, fundi alitazama huku na huku, akasema anahitaji watu wawili, mmoja kila upande, kwa kuwa mtu mmoja akivuta peke yake kifuniko huhama katikati. Tulikuwa wawili tu pale: mimi na kaka.

Basi yeye akasimama kulia, mimi kushoto, paa la tata katikati yetu. Jua lilikuwa kali, nguo imelainika. "Vuta kidogo," akaniambia. Nikavuta. "Umezidisha. Legeza." Nikalegeza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu marefu kuliko yote katika miaka miwili. Na huenda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yako kwenye vishikizo, akaendelea kusema bila kuniangalia.

Akaniambia kwamba tata alipolazwa, gharama za hospitali alizilipa yeye kwa mkopo. Tata alimwomba asituambie, kwa kuwa mimi nilikuwa na watoto chuoni na dada zetu wana mizigo yao. Mkopo ule ulikuwa bado unamkata mshahara kila mwezi. Ndiyo maana alitaka gari liuzwe. Hakuwa na tamaa. Alikuwa amezama.

Nilishika kile kishikizo mkononi nikashindwa kukibonyeza. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini sikuuliza. Fundi akakohoa, akajidai anatafuta chaki.

Jioni ile tulimweleza mama, tukawaita dada zetu kwa simu. Hatukumaliza siku hiyo, wala hatukumaliza bila kelele. Lakini tulikubaliana kwamba bonasi ya majani chai ya shamba la tata iende kulipa ule mkopo hadi uishe, na kila mmoja aongeze anachoweza. Ilichukua miaka mitatu. Gari halikuuzwa.

Msomaji, kama una gari la turubai, au hata hema tu au mwavuli, nakuusia haya. Usilikunje likiwa bichi. Ikikubidi kulikunja kwa sababu ya safari, lifunue siku hiyo hiyo ukifika, ulianike. Weka blanketi kuukuu kati ya mbavu na nguo zisisuguane. Anza kishikizo cha katikati, kisha pembe, na umtafute mwenzako wa kushika upande wa pili. Na usidhani kifuniko ni dawa ya mvua; kazi yake ni kulipendezesha paa lililo kavu na kulikinga na vumbi.

Na kama nyumbani kwenu kuna jambo ambalo wazee waliwaambia mnyamaze, nanyi mkanyamaza, nakuomba usisubiri harufu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwulize nduguyo, hata kama itabidi msimame pande mbili za gari.

Januari iliyofuata tulimpeleka mama Keroka. Alifunga kitambaa chake kwa fundo mbili. Kaka alikuwa amekwisha kushika vishikizo vya paa alipomkataza. Akasogea, akapitisha kiganja chake juu ya mshono, kutoka kulia hadi kushoto, polepole.

"Bado kuna umande," akasema. "Leteni chai kwanza."